Mji Nilioupigania Bila Kuufika

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana kesho alfajiri pale kituoni watu watakuwa wengi na shangazi zako watalia kwa sauti, na mimi nawe hatutapata hata dakika mbili za kusemezana. Nimeanza kuandika baada ya chakula cha mchana, chakula ambacho sikukila. Nataka nimalize kabla ng'ombe hawajarudi. Karatasi nimeomba kwa mwalimu mkuu. Alinipa saba, na tatu nimekwisha kuzichana.

Habari za sweta, vidonge, kutotembea peke yako na kutokunywa vinywaji vya watu usiowajua, mama yako amesema yote, na ameyasema mara nne mbele yangu. Mimi sirudii. Dada yangu akisema jambo limesemwa.

Mwandiko wangu unaujua. Ni wa darasa la nne la mkoloni, lakini darasa la nne la wakati ule mtu alitoka anaweza kukaa meza moja na karani wa bwana shauri. Mimi ukarani niliukataa mwenyewe. Kusema kweli hawakuniita, ila wangeniita ningekataa. Unaona? Hata hapa nimeanza. Bhoke, barua hii uisome kama mama yako anavyopepeta uwele, mdogomdogo, kwa sababu makapi yangu ni mengi na mimi mwenyewe wakati mwingine siyaoni.

Sasa niliandike lile neno kabla mkono haujakataa. Sijawahi kufika Voroneji. Sijawahi kufika Urusi. Ule mto sikuuvuka, wala Mjerumani sikumwona isipokuwa yule padri mzee wa misheni aliyenifundisha kuhesabu. Na Vasili si wa rika langu. Hana nyumba ninayoijua mimi, iwe kando ya mto au mahali pengine popote.

Nimelisoma tena. Ndivyo lilivyo, sitalifuta.

Najua maana yake. Ndani ya sanduku lako kuna kigoda cha miguu mitatu ambacho baba yako alikichonga kwa mkono wake, akakaa siku sita akikisugua, ili ukikabidhi nyumbani kwa Vasili. Na huyo baba yako alikuruhusu kwenda kwa sababu moja tu, na sababu hiyo nilimpa mimi.

Ulikuwa jikoni na mama yako siku ile ya kikao, kwa hiyo hukusikia yote. Walikaa wazee watano, na chungu cha pombe katikati. Baba yako alikuwa amekwisha kukataa. Alisema, "Msichana haendi mahali ambapo hatuna mtu. Hata ng'ombe simpeleki malisho ambayo sijui ni ya nani." Wazee wakaitikia. Mimi nikaona masomo yako yanazama hivi hivi machoni pangu, miaka yote uliyosoma, na lile tangazo la serikali la kukupa nafasi ya uinjinia wa maji limekunjwa chini ya mkeka. Nikasimama. Unajua nikisimama huwa sikai upesi.

Nikasema, "Nani amesema hatuna mtu? Mimi nina mtu. Vasili wa Voroneji ni wa rika langu."

Baba yako akaweka chini mrija wake. "Wa rika lako vipi? Yule ni Mrusi."

"Tulikula kiapo mtoni, risasi zikipita hapa na hapa. Kamanda wao akasema kuanzia leo hawa wawili wametahiriwa siku moja."

Wazee waliondoa mirija midomoni, maana neno hilo kwetu halichezewi. Ukishasema mtu ni wa rika lako, mtoto wako ni mtoto wake na mlango wake ni mlango wako. Vijana wake ni kaka wa binti yako, hawawezi kumwoa wala kumtazama vibaya. Baba yako aliuliza hilo hilo. "Kwa hiyo vijana wa huko ni kaka zake?" Nikajibu, "Mji mzima, shemeji. Kikosi kizima kilikula kiapo." Akacheka kwa furaha, mara ya kwanza tangu barua yako ifike. Akasema, "Basi hakuna wa kunirudishia mkwe mwekundu. Aende." Siku hiyo hiyo akamtenga mtamba mmoja zizini, akasema huyu ni wa Vasili, atazaa hapa kwa jina lake.

Mimi niliondoka pale nikitembea kama mkuu wa mkoa. Ndivyo nilivyo, Bhoke. Hata uongo ukipata wa kuuamini, najiona nimefanya kazi.

Nimesimama kidogo, nimetoka nje kutazama barabara, nimerudi. Tangu Jumapili siwezi kukaa mahali pamoja. Shangazi yako mkubwa amesema nina minyoo.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, maana uongo huu una mama yake.

Nilipokuwa na umri mdogo kuliko wako nilikuwa na mwenzangu aitwaye Chacha. Huyo ndiye wa rika langu. Tulitahiriwa asubuhi moja, kisu kimoja, yeye mbele na mimi nyuma yake, na nilipotaka kupepesa macho nilimtazama yeye mgongoni nikakaza. Vita vya wazungu vilipoita watu, tulitoka Tarime kwa miguu, tukavuka pale Sirari kabla hapajawa na vibanda wala wabadilisha fedha, tukaenda Kenya kuandikishwa. Chacha alipewa bunduki. Mimi nilipewa mwiko.

Wala usidhani mwiko ni mdogo. Nilipika ugali wa watu mia tatu kwa sufuria mbili. Sajini mmoja Mnandi aliwahi kulia kwa sababu ya maharage yangu. Hayo ni kweli. Watu labda walikuwa mia mbili.

Kisha ikafika amri kwamba batalioni inapelekwa Burma, na wapishi pia. Siku mbili kabla ya kuondoka nilianza kuota maji. Sikuwa nimewahi kuona maji ambayo hayana ng'ambo, na walisema meli itakaa humo wiki nyingi. Mzee mmoja wa jikoni alinifundisha kitu. Unachukua tumbaku mbichi, unaibana kwapani tangu jioni, asubuhi mwili unachemka kama una malaria ya kufa. Nilibana kwapa zote mbili. Daktari aliponipima akasema huyu abaki.

Chacha alikuja kunitazama kitandani akiwa na mzigo wake mgongoni. Aliuliza, "Unakufa?"

Nikasema, "Hapana. Nitawafuata kwa meli ya pili."

Akasema, "Basi njoo na chumvi. Wanasema chakula cha huko hakina chumvi." Akanipiga teke la mguu, la mzaha, akaenda. Hakurudi. Wala sikufuata kwa meli yoyote. Nilimaliza vita nikimenya viazi.

Kosa hilo ningeweza kulibeba. Watu wengi waliogopa bahari. Kosa lililonishinda lilikuja niliporudi nyumbani na koti langu la jeshi na vifungo vinang'aa. Mama yake Chacha alinisubiri njiani. Hakuniuliza kama niliona vita. Aliniuliza, "Mwanangu alikufaje?" Mimi sikujua. Karatasi ya serikali ilisema amekufa, basi. Lakini yule mama alikuwa ameshika mkono wa koti langu, na nikamwambia kwamba alikufa upesi, bila maumivu, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja yangu, na kwamba neno la mwisho alimtaja yeye. Akaachia mkono wa koti. Akakaa chini pale pale barabarani.

Tangu mwaka ule mpaka alipokufa, kila mavuno yule mama aliniletea kibuyu cha ulezi wa kwanza, kabla ya kuonja yeye mwenyewe, kwa sababu nilimshikia mwanawe kichwa. Nami nilipokea na nikaula. Bhoke, nimekula chui kwa uongo mara nyingi katika hadithi zangu, nimeua simba wawili kwa fimbo moja, na hakuna hata hadithi moja iliyowahi kunikaba kooni. Ule ulezi ulinikaba kila mwaka, na kila mwaka niliumeza.

Basi ndivyo nilivyopata vita vya Burma. Huwezi kumshikia mtu kichwa Burma kisha useme hukufika Burma. Nilisimulia kidogo, watu wakapenda, nikaongeza. Nilikaa na vita vile karibu miaka thelathini, na hakuna aliyenisumbua, kwa sababu sisi tulikaa mbalimbali, kila mtu na kilima chake, na wengine waliokwenda Burma walikuwa mbali.

Halafu ikaja operesheni. Ulikuwa umeanza sekondari. Tuliambiwa kila mtu ahame kwenye kilima chake, tukaletwa huku upande wa Mbalibali, nyumba zikapangwa kwa mstari kama meno, Wakurya hapa na Waikoma pale, tuishi pamoja, tulime pamoja. Mimi siasa hiyo niliipenda, na mwenyekiti anajua nilichimba mashimo ya nguzo arobaini. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwangu wakamweka mzee Machota, Mwikoma yule mfupi asiye na kidole cha shahada. Kidole hicho kilibaki Burma. Cha kweli.

Tulikutana kwenye duka la ushirika, watu wamejaa wakisubiri sukari. Mimi nilikuwa nasimulia, nimefika katikati ya mto, maji shingoni, bunduki ya bombomu kichwani. Machota alikuwa nyuma ananunua chumvi. Akauliza polepole, "Mto gani huo, bwana?"

"Mto mkubwa," nikasema.

"Burma ina mito mikubwa mingi. Mlivuka upi?"

Nikakohoa. Akaendelea, "Na brigedi yenu ilikuwa ipi? Labda tulikuwa jirani."

Watu wote wakanigeukia. Bhoke, kinywa changu kikajibu kabla yangu. Nikasema, "Sisi Burma hatukukaa. Tulipita tu."

"Mkaenda wapi?"

"Urusi."

"Urusi," akasema Machota. "Na nani?"

"Na Warusi."

Watu wakacheka, wakidhani nimemkomoa. Yeye alichukua chumvi yake akaenda. Kuanzia siku hiyo nikawa na vita vyangu mwenyewe, visivyo na jirani.

Na kwa nini Urusi? Kwa sababu ya kisima. Wakati huo Vasili alikuwa amekwisha kukaa kwetu wiki tatu na ile mashine yake ya kutoboa ardhi, akilala kwenye kibanda karibu na nyumba yangu. Mimi ndiye niliyempikia, na hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Wewe ulimwona likizo ile, ukashinda unamwuliza maji yanajuaje njia chini ya mawe. Alikuwa kijana, Bhoke. Vita vilipoisha alikuwa mtoto wa kunyonya. Ungehesabu miaka yake ungenikamata, lakini hakuna aliyehesabu, kwa sababu wazungu wote huonekana wazee wakiungua jua.

Jioni akishakula alinisimulia mji wao kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, akinionyesha kijitabu cha picha. Kila kitu nilichokwambia kuhusu mji ule ni chake. Sasa nakurudishia kama alivyonipa yeye, bila mimi ndani.

Alinieleza mfalme wao wa zamani, mrefu kuliko mlango, aliyekwenda kwenye mji huo usio na bahari akajenga meli za vita pale mtoni, akazishusha na maji siku nyingi mpaka zikaikuta bahari. Watu walimwona kichaa. Wamemchonga amesimama na nanga. Mimi nilikwambia nililala ndani ya meli moja yake. Hazipo, zilioza kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Alinieleza mshairi wao. Huyu ndiye baba yako alimpenda, unakumbuka? Mtoto wa mchuuzi wa ng'ombe. Baba yake alimtoa shule mapema aende kuswaga ng'ombe nyikani, miezi mingi, na huko nyikani nyuma ya mikia ya ng'ombe alijifunza kutunga. Amechongwa kwa jiwe jeupe, kichwa na mabega, yuko bustanini. Baba yako aliuliza, "Alikuwa na ng'ombe wangapi?" Nikasema elfu. Kisha nikasema Wajerumani walitaka kumwiba na mimi nikalala nimemkumbatia usiku tisa. Yule mtu yupo, na ng'ombe walikuwepo. Kukumbatia hakukuwepo.

Alinieleza jengo la duara lililokuwa hospitali. Mji ulipopigwa likabaki ukuta na matundu, na wenyewe wameliacha hivyo hivyo makusudi, hawalitengenezi. Mimi nilikuonyesha kwenye picha tundu la tatu kutoka kushoto, nikasema nilichungulia hapo.

Na alinieleza mto. Mto unapita katikati, mji una kingo mbili. Mjerumani alishika ukingo mmoja, wao wakashika wa pili, miezi mingi hivyo hivyo, wanaona nyumba zao wenyewe ng'ambo na hawawezi kuzifikia. Jeshi la kawaida lilipopungua, wenye mji walitoka wenyewe. Walimu, watengeneza vichwa vya treni, wasichana wa viwandani, wazee wenye miwani. Wakaundiwa kikosi cha kujitolea, wakafundishwa kushika bunduki siku chache, wakapelekwa mtoni. Wengi hawakurudi kutoka ng'ambo. Hicho ndicho nilichokiita kikosi changu.

Baba yake Vasili alikuwa humo. Fundi wa treni. Vasili hakuwahi kumwona. Alinionyesha picha ya jiwe kubwa lililo juu ya kaburi la watu wengi pamoja, akaniambia, "Baba labda hapa. Labda hapana hapa. Mama kwenda kila mwaka, kuweka maua, hapana jua." Kisha akaomba chai. Kisima kilipotoa maji akaondoka na mashine yake, akaniachia kijitabu. Hakuniachia mtaa wala nyumba, na mimi sikuuliza.

Hivyo nilimvua marehemu koti lake nikalivaa. Na lile neno la rika, ambalo lilikuwa la Chacha peke yake, nikamvika mtu aliyekuwa amekuja kuchimba kisima.

Haya yote ningekaa nayo kimya mpaka kaburini, nakwambia ukweli, kama si wewe Jumapili. Ulikaa pale mlangoni pangu ukanisomea ulichoandika kwenye fomu. Walipouliza kwa nini umechagua mji ule, uliandika kwamba mjomba wako alipigana kuulinda. Halafu ukasema, "Mjomba, nikifika nitaenda kwenye lile jiwe. Lazima kuna akina mama wazee wanaokwenda pale. Nitawaambia uko hai, na kama kuna mtu wao uliyemjua utanitajia nimpelekee habari zake."

Mimi nilicheka. Nikakutajia na jina la kamanda, nililolitunga hapo hapo.

Ulipoondoka nikaona kitu ambacho bado nakiona hata sasa nikiandika. Nimekuona umesimama kwenye baridi mbele ya mwanamke mzee, labda ni mama yake Vasili mwenyewe, na yeye ameshika mkono wa koti lako, anakuuliza mume wake alikufaje. Na wewe ukimjibu kwa maneno yangu. Na yeye akikaa chini.

Halafu namwona mwingine, wewe mwenyewe, jioni ya kwanza, na kile kigoda begani, ukiuliza mtaa kwa mtaa nyumba ya Vasili kwa lugha usiyoijua.

Sikuweza. Nimeandika mpaka hapa nikagundua barua peke yake haitoshi. Nikikupa wewe ukweli na nimwachie baba yako uongo, nimekubebesha mzigo wangu kwenye sanduku lako. Jua bado liko juu. Naenda joshoni, yuko huko anaogesha ng'ombe. Akisema usiende, basi nitakuwa nimekuvunjia njia kwa mkono huu huu, na unichukie. Lakini naenda.

Nimerudi. Nimetembea mbio, utanisamehe mwandiko. Nakuandikia yalivyokuwa, bila kuongeza.

Nilimkuta ukingoni mwa josho na fimbo. Nikasema, "Shemeji, nina neno."

"Sema, ng'ombe wanasubiri."

"Vasili si wa rika langu."

"Ni wa rika gani?"

"Hana rika. Ni mchimba visima."

Akanigeukia. "Kwa hiyo ni mchimba visima tu, basi? Aliyekuwa akimwogopa jogoo?"

"Ndiye."

"Na nyumba yake?"

"Sijui kama anayo."

"Na vita?"

"Sikuenda."

"Burma?"

"Na huko sikuenda."

Ng'ombe watatu wakapita majini, wakatoka ng'ambo wakijitikisa. Akauliza, "Sasa wewe ulikwenda wapi?"

Nikasema, "Jikoni."

Nilidhani atanipiga, na ningekaa anipige. Alisema tu, "Nilimruhusu kwa sababu yako." Nikasema najua. Akasema, "Basi huko hana mtu." Nikasema hana. Akasema, "Ungenyamaza mpaka kesho angeondoka na nisingejua." Nikasema ndiyo maana nimekuja leo.

Akachomeka fimbo kwenye tope. "Haendi," akasema. "Kamwambie mwenyewe afungue sanduku."

Mama yako alikuwa pale chini na ndoo, hatukujua amefika tangu lini. Dada yangu hapigi kelele, unamjua. Alipanda na ndoo yake kichwani, akasimama kati yetu, akamwambia baba yako, "Marwa, siku uliyonitoa kwa baba yangu, nilikuwa na nani kwenu?"

Baba yako akaichomoa fimbo yake topeni.

"Nilikuja na ngozi na kibuyu. Sikumjua hata mmoja. Lafudhi yangu mama yako aliicheka mwaka mzima. Nani aliuliza kama nina mtu?"

"Wewe ulikuwa unaolewa," akasema baba yako.

"Na yeye anakwenda kusoma, atarudi. Mimi nilirudi?"

Hapo nilitazama chini, maana dada yangu nimemfahamu miaka hamsini na sikuwahi kujua kwamba neno hilo lilikuwa ndani yake. Baba yako aliangalia ng'ombe mpaka wa mwisho akapita. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ataenda. Kigoda ampe mtu atakayemfungulia mlango vizuri, awe yeyote. Yule mtamba sasa ni wa Bhoke mwenyewe, atamkuta." Halafu akanigeukia. "Wewe, mkutano wa kijiji ukikaa, utasimama umwambie Machota mbele ya watu. Na kwangu usikanyage kula mpaka binti huyu arudi. Ukitaka kumsalimu dada yako, simama nje ya ua. Na kesho kituoni nisikuone."

Nikasema nimesikia.

Kwa hiyo kesho sitakuwepo, Bhoke. Barua hii atakupa mama yako. Usimlaumu baba yako, amenihukumu kidogo kuliko nilivyotazamia. Kitakachonisumbua ni Machota. Nimepita mbele ya nyumba yake nikirudi, alikuwa anakoka moto, akanipungia ule mkono wake wa vidole vinne. Nilitaka kumwambia hapo hapo yaishe. Miguu ikapita. Lakini mkutanoni nitasimama, na safari hii nitakaa upesi.

Ile fomu imekwisha kwenda, siwezi kuifuata. Wakikuuliza, waambie mjomba wako aliongopa na amekiri. Waambie alikuwa mpishi. Ukiwakuta wale akina mama kwenye jiwe, usiseme lolote juu yangu. Wape nafasi waseme wao, ukae, usikilize. Nilipokuwa na miaka ishirini nilidhani mtu aliyefiwa anataka jibu, nikampa jibu. Laiti ningekaa naye pale barabarani nikasema, mama, sijui. Labda angenipiga makofi. Lakini ule ulezi asingeuleta, na mimi ningekuwa nimemlilia Chacha walau mara moja. Mpaka leo sijamlilia, kwa sababu katika hadithi yangu nilikuwa shujaa na mashujaa hawalii.

Mimi nakuogopea, nisiseme uongo. Nimetembea chumba hiki mpaka udongo umelainika. Unakwenda mahali ambapo hatuna mtu hata mmoja, na aliyekuambia tunaye ni mimi. Hata hivyo nenda. Ukiona umeogopa, sema umeogopa, usitafute tumbaku.

Na unifanyie jambo moja ukishatulia, hata kama itakuwa baada ya miezi. Kaa uniandikie mji ule ulivyo. Mto una upana gani, maji yake rangi gani, ng'ambo inaonekana au haionekani. Andika polepole, na yale ambayo hayapendezi pia uyaandike. Nitaisoma mwenyewe mara mbili, na sitamsimulia mtu. Nataka tu kujua, maana mimi sijauona.

Ni mimi mjomba wako, niliyebaki huku,

Mwita